Mabati Arobaini na Kitabu cha Pumwani

Ndugu msomaji wa ukurasa huu wa familia, jambo ninalolieleza leo nimekwisha kuliandika mara moja, katika daftari la kumbukumbu za vikao vya msikiti wetu, kwa ufupi wa kikatibu: ajenda ya nne, mchango wa mabati, ilijadiliwa. Neno hilo la mwisho limesitiri mengi, na mojawapo ni kosa langu mwenyewe.

Upepo wa mvua za kwanza za Novemba uliezua paa la madrasa yetu hapa Iyunga. Mbao za upande wa magharibi zilikutwa karibu na reli, na watoto wakawa wanasoma barazani kwa zamu, wamejikunyata katika baridi ya Mbeya ambayo wenyeji wenzangu wanaifahamu. Tukatangaza mchango. Waumini walitoa walichojaaliwa: elfu tano, elfu kumi, mfuko wa misumari, mbao mbili. Ndipo likaja bajaji la mizigo likiwa na mabati arobaini, geji ishirini na nane, yametumwa na mama mmoja mtu mzima anayeishi ng'ambo ya reli. Nilimwandikia stakabadhi, nikamshukuru Allah, nikaenda kuswali.

Kikaoni, mweka hazina alipoyasoma majina ya waliochanga, mjumbe mmoja aliyehamia kwetu si zamani aliuliza mama huyo ni nani, maana mchango wake ulishinda wa wafanyabiashara wote. Nami, bila kufikiri, huku nikitabasamu, nikasema: ni yule aliyekuwa wa hotelini, zamani.

Sikuwahi kuona jambo lolote kwa macho yangu. Nilikuwa bado sijazaliwa. Nilichokuwa nacho ni maneno ya bombani niliyoyasikia nikiwa mtoto wa kubeba ndoo: kwamba katika miaka ya 1980, wageni wakubwa waliokuwa wakienda au kutoka Zambia walipolala mjini, mama huyu alikuwa akifuatwa kwa gari. Walioyasema waliongeza daima kwamba hakuwa wa kusimama barabarani, alikuwa wa wakubwa. Sikuelewa wakati huo, na hata sasa sielewi vizuri, kama nyongeza hiyo ilikusudiwa kumpunguzia au kumzidishia. Ninayoyajua kwa hakika ni haya: kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa safu ya mbele upande wa wanawake, ana duka la nafaka, anauza mchele wa Kyela na maharage, na amepangisha vyumba vitatu.

Kikao kiliwaka. Mmoja alikumbusha hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliyakataza malipo ya mwanamke anayejiuza pamoja na ujira wa kuhani. Mwingine alisema hawezi kumpeleka mwanawe chini ya paa la namna hiyo. Imamu wetu, ambaye huzungumza kidogo, alisema Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliandika kwamba mali ya haramu isiyo na wa kurudishiwa hutumiwa katika maslahi ya watu wote, kama madaraja na misikiti, na kwamba Imamu Nawawi aliinukuu kauli hiyo baadaye. Lakini, akaongeza, tumejuaje kwamba hii ni mali ya namna hiyo? Hakuna aliyemjibu. Tukaahirisha kwa wiki mbili, nami nikaagizwa nikafanye utafiti.

Utafiti wangu ulianzia katika sanduku la vitabu chini ya kitanda. Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu wa historia ya Uislamu katika Afrika Mashariki alinipa nakala ya kitabu cha mwanahistoria wa Marekani, Luise White, kiitwacho The Comforts of Home, kilichochapishwa mwaka 1990. Kinahusu wanawake waliojiuza Nairobi wakati wa ukoloni. Mwalimu alitaka nisome sehemu zinazoeleza jinsi wakazi wa Pumwani walivyosilimu. Nikasoma hizo, nikazitumia katika insha, nikakifunga. Mengine niliona si ya kusomwa na mtu wa dini. Safari hii nilikisoma chote, baada ya Isha, kwa muda wa usiku tisa.

Bibi huyo mtafiti alikwenda Nairobi katika miaka ya 1970 na kuketi na wanawake wazee, wengi wao Waislamu, wenye nyumba zao, akawasikiliza wakieleza maisha waliyoishi tangu enzi za vita na kabla yake. Kitabu hakisomeki kama riwaya, wala hakina uchafu ambao mtu angeutarajia. Kimejaa kodi za nyumba, bei za vitu, mishahara, na hesabu za ng'ombe. Wanawake wenyewe walizipa kazi zao majina, na majina yote ni ya Kiswahili chetu. Watembezi walikuwa wale wa njiani. Malaya, kwa maana yao ya Nairobi, alikuwa mwanamke aliyekaa chumbani kwake kwa staha, mlango umerudishwa, akimngoja mgeni. Na mgeni aliyelala alipata maji ya moto ya kuoga, chai, chakula, na mazungumzo. Wa wazi-wazi walikaa mlangoni nje na kutaja bei, na wengi wa hao walitoka huku kwetu, Bukoba, kwa meli na kwa njia za ziwa.

Nimeitafakari sana tofauti anayoionesha baina yao. Mwanzoni mwa karne iliyopita, baada ya sotoka kumaliza mifugo katika miaka ya 1890 na njaa kufuatia, mabinti wa wafugaji na wakulima walikwenda kwenye kambi na miji, na fedha waliyoipata ilirudi nyumbani ikawa ng'ombe na mbuzi wa baba zao. Wale wa Bukoba nao, katika miaka ya 1930 bei ya kahawa ilipoanguka, walipeleka fedha kwao. Watanzania tumezoea kuwafanyia mzaha dada zetu wa Kagera kwa jambo hili hadi leo. Sikuwahi kusikia mzaha mmoja unaomtaja baba aliyepokea. Wale wa chumbani, kwa upande wao, walijikatia nafsi zao. Wengi walikuwa wamekimbia ndoa au ukoo, wakajenga nyumba katika kijiji cha Pangani na baadaye Pumwani, wakapangisha vyumba, wakasilimu, wakachukua majina mapya, na walipozeeka bila watoto wakajichagulia warithi miongoni mwa wasichana waliowalea.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa ikijua. Iliwaita wanaume mjini bila wake zao, ikawalipa mshahara wa mtu mmoja, ikawapa nafasi ya kitanda, kisha ikawaachia wanawake hawa kazi ya kuwapikia na kuwapashia maji ili asubuhi warudi kazini. Mtafiti anasema hivyo kwa vielelezo, na mimi ninayekaa baina ya barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, sikuhitaji vielelezo vingi.

Mke wangu aliniuliza ninasoma nini hadi nasahau chai. Nikamsimulia. Alisikiliza akikunja nguo, halafu akasema: mambo haya wayasikie na wenzangu wa darsa. Nilikataa. Akasema, mwaka mzima unatufundisha hedhi na udhu, mume wangu, na binti zetu wanachukuliwa kwa bodaboda kila Jumamosi, wewe unaogopa kitabu cha historia? Nikakubali, kwa sharti kwamba wasichana walio chini ya miaka kumi na minane wasiwepo.

Jumamosi ile baada ya Alasiri walifika wanawake thelathini na zaidi. Nilikaa nyuma ya pazia kama kawaida, nikasimulia kwa saa nzima. Na hapa ndipo ninapotaka kukueleza, msomaji, kitabu kilivyopokewa, kwa maana nilitegemea jambo moja nikapata jingine.

Wa kwanza kusema alikuwa bibi mmoja mzee, mwenye sauti ya ukali. Alisema kitabu kama hiki kichomwe. Kwamba mtu akitubu anyamaze, na akisimulia dhambi zake anazifanya upya. Alikuwa na hoja. Tunayo hadithi sahihi kwamba umma wote huu utasamehewa isipokuwa wanaotangaza maasi yao, yule ambaye Allah alimsitiri usiku naye akaamka kulivua pazia mwenyewe. Mwalimu wa shule ya sekondari akamjibu kwa adabu kwamba watu walisema hivyo hivyo juu ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971. Riwaya ile ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo na baba mlevi ikapigwa marufuku shuleni, kisha ikarudi ikawa kitabu cha kusomeshwa. Yeye mwenyewe, alisema, huwauliza wanafunzi wake nani mwenye kosa, na kila mwaka wavulana humtaja Rosa na wasichana humtaja Zakaria.

Dada mmoja muuguzi alisema hataki kujua nani ana kosa, anataka kujua nani anapimwa. Alitaja utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017, uliozikuta Njombe, Iringa na Mbeya zikiongoza nchi kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi miongoni mwa watu wazima: asilimia 11.4, 11.3 na 9.3. Sisi tunaona aibu kuzungumza, alisema, na hatuoni aibu kuzika.

Mwanamke kijana aliyesoma Dar es Salaam alileta habari za Ulaya. Aliuliza kama nimesikia juu ya yule wa London aliyeandika maisha yake ya kuuzwa kwa matajiri, kikatoka kitabu mwaka 2005 kwa jina la kubuni. Nilikuwa nimesikia. Wasomaji wa kule hawakugombana sana juu ya dhambi. Waligombana kama mwandishi yupo. Wengi walishikilia kwamba ni mwanamume anayejifanya mwanamke, kwa sababu ameandika vizuri na hakulia. Mwaka 2009 akajitokeza kwa jina lake, Brooke Magnanti, akiwa mtafiti wa sayansi mjini Bristol. Kijana huyo akasema jambo lililowachekesha wenzake: kwamba Wazungu hawakuamini kuwa yupo, na sisi hapa tunaamini hata wasiokuwepo. Mimi sikucheka. Niliona tofauti nyingine, ambayo sikuisema: yule wa London aliandika kwa hiari yake, akalipwa kwa kuandika, na alikuwa na shahada ya kumpokea aliposhuka. Wazee wa Pumwani waliulizwa na mgeni, wakajibu wakiwa wamekaa kwenye vigoda mbele ya nyumba zao wenyewe, baada ya maisha kwisha kupita. Sijui kama hukumu ya kujitangaza inawaingia wote wawili kwa kipimo kimoja. Nilimwuliza Imamu baadaye. Alisema anayetoa ushahidi wa dhuluma aliyotendewa si sawa na anayejigamba, lakini kwamba mipaka baina ya hayo mawili anaijua zaidi mwenye moyo wake.

Mjadala ulipokuwa unatulia, sauti moja ilitoka nyuma kabisa, karibu na mlango. Haikuwa na ukali wala unyonge. Ikauliza: "Hao akina mama, ustadhi, walizikwa na nani?"

Niliitambua. Na kwa ukimya ulioingia upande wa pili wa pazia, nilifahamu kwamba wote walikuwa wameitambua, na kwamba neno nililolitoa kikaoni mbele ya wanaume wanane lilikuwa limekwisha kuvuka reli. Mke wangu aliniambia usiku kwamba shingo ziligeuka, kisha zikarudi mbele kwa haraka.

Nilijibu kwamba sikuitafuta habari hiyo nilipokuwa nasoma. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimetafuta fedha ilitoka wapi na ilikwenda wapi, na kuhusu wepi walisilimu. Akasema, "Haya, ahsante," na darsa likafungwa kwa dua.

Siku tatu baadaye nilikwenda dukani kwake. Nilikuwa nimekariri maneno ya kuomba radhi, na nilikuwa nimeisoma upya aya ya nne ya Suratun Nuur, juu ya wanaowatuhumu wanawake waliohifadhika kisha wasilete mashahidi wanne, na adhabu ya viboko themanini, na ushahidi wao usikubaliwe tena. Mimi ndiye ninayeandika ushahidi wa watu wengine katika daftari! Niliisoma pia ile ya Suratul Furqaan, ya mwenye kutubu na kuamini na kutenda mema, ambaye Allah huyageuza maovu yake yakawa mema. Na nikaikumbuka habari ya Hazzal, aliyemshauri Maiz akajifichue kwa Mtume, naye Mtume akamwambia kwamba lau angemfunika kwa nguo yake ingekuwa kheri kwake.

Nilimsalimu, nikaketi juu ya gunia. Akaniletea chai ya tangawizi. Nilimweleza kwamba ni mimi niliyesema. Aliendelea kuchagua mawe kwenye sinia la mchele.

"Najua, mwanangu," alisema. "Aliyeniambia alinitajia na mahali ulipokuwa umekaa."

Nikamwomba anisamehe. Alisema amesamehe, kwa sauti ya mtu anayemrudishia mteja chenji. Kisha akaniambia mambo ambayo sitayaandika, ila moja: kwamba mdogo wake alisoma hadi kidato cha sita kwa fedha zile, na kwamba ni mtu mzima sasa, mahali fulani, na hamtembelei. Nilikumbuka ng'ombe wa wale wababa.

Kwa kuwa kitabu kilikuwa bado kichwani mwangu, nikamwuliza, kwa ujinga wa msomi, kama hajafikiria naye kumsimulia mtu maisha yake, pengine kwa jina jingine, wasichana wapate kujifunza. Hapo ndipo aliliweka sinia chini.

"Mungu amenifunika miaka yote hii," alisema. "Nijifunue mwenyewe kwa nini? Wakitaka kujifunza, waje wanunue mchele, nitawaambia mmoja mmoja." Na kwa kweli, baadaye nilikuja kujua kutoka kwa mke wangu kwamba wasichana wawili wa mtaa wa juu walikwisha kuambiwa hivyo, mmoja mmoja, na mmoja wao amerudi shule.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Niliomba nafasi kabla ya ajenda, nikasema kwamba nililolisema katika kikao kilichopita sikuwa na ushahidi nalo, kwamba ninalirudisha, na kwamba ninaomba iandikwe. Niliiandika mwenyewe. Mjumbe mmoja alisema tumekwisha kusikia, kusahau si kazi ya kalamu. Imamu alirudia swali lake: nani miongoni mwetu anayejua kwamba mabati haya hayakununuliwa kwa mchele? Tulikaa kimya kama mara ya kwanza. Nilidhani jambo limekwisha. Lakini wajumbe watatu hawakuridhika, na kwa kuogopa mfarakano wengine wakalegea, ikapatikana njia ya katikati, ambayo mimi niliipinga na nikashindwa kwa kura tano kwa tatu: mabati yapokelewe, ila yaezeke vyoo na mahali pa kutawadhia, na paa la madrasa lingoje mchango mwingine. Mjumbe aliyeleta hoja hiyo aliitaja kauli ya Imamu Ghazali kana kwamba Ghazali aliandika juu ya vyoo vya Iyunga.

Katibu ndiye anayepeleka barua. Niliipeleka. Niliisoma nikiwa nimesimama, maana sikuweza kuketi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaikunja barua mara mbili, akaitia ndani ya kopo la chenji.

"Vyoo navyo vinavuja, mwanangu," alisema.

Madrasa imepauliwa mwezi wa pili, kwa mabati ya geji thelathini, membamba, tuliyoyapata kwa taabu. Mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Vyooni ni kimya kabisa, na watoto wamegundua. Siku za mvua huwakuta wamebanana mahali pa kutawadhia na juzuu zao, na mwalimu ameacha kuwafukuza.

Kabla ya kuyaleta maandishi haya kwa mhariri nilimsomea mama huyo, neno kwa neno, nikiwa nimekwisha kubadili mambo yanayoweza kumtambulisha kwa wasiomjua. Aliniomba niondoe jambo moja, nami nimeliondoa. Halikuwa lile ambalo mimi ningedhani. Lile la mdogo wake alisema libaki, pengine husoma magazeti. Kisha akauliza kama misumari ya upande wa wanawake imeongezwa, kwa sababu upepo wa Machi ni mkali kuliko wa Novemba, na aliyepigilia alikuwa na haraka.